Fundi Rama na Shingo ya Kanzu

Wivu wa Fundi Rama ulikuwa na siku yake, nayo ni Ijumaa. Duka langu linatazamana na mlango wa msikiti wa mtaa, barabara ya tisa hapa Ngamiani, na watu wakitoka kuswali nilikuwa nawaacha wateja wangoje kidogo ili nimtazame. Alikuwa akikupa mkono wa salamu hauachii tena. Unadhani anakupenda, kumbe anakagua shingo ya kanzu yako. Akikuta darizi ya mashine hutabasamu na kukuonea huruma. Akikuta ya kwake hukunyooshea bega na kukuombea dua. Akikuta ya Sele, fundi mwenzake, huutupa mkono wako kabla hujamaliza kumjibu watoto hawajambo.

Mimi naitwa Shenaz. Nauza nyuzi, sindano, bitana na vifungo, na mume wangu Zainuddin anauza spea za baiskeli chumba cha pili. Mwaka wa thelathini na moja huu nipo nyuma ya kaunta hii. Fundi wa Ngamiani anayetaka kunificha jambo itabidi akanunue uzi wake Dar es Salaam, maana mimi nikiona rangi na urefu wa uzi unaoutaka, najua unashona nini na unamshonea nani. Nasema haya mapema ili usije ukaniuliza baadaye niliyajuaje.

Rama hushona nguo za kiume za kizamani, na akisema za kizamani hatanii. Dukani kwake hakuna cherehani. Hakuna hata futi ya kupimia. Kanzu anaipima kwa shibiri na dhiraa, tena shibiri ya mwenye kuivaa, si yake yeye. Anakukamata kiganja, anakutandaza vidole juu ya kitambaa, anatia alama ya chaki, basi. Anasema ndivyo alivyofundishwa na baba yake huko Mwera, na kwamba futi ni ya mafundi wasiomgusa mteja. Akishona hukaa chini mkekani, pindo kalibana kwa kidole gumba cha mguu, uzi kaupitisha kwenye nta, subana ya shaba kidoleni. Kanzu moja humchukua mwezi na nusu. Safari moja bwana harusi alimwomba amwekee mfuko wa ndani wa simu. Rama alikikunja kitambaa chake, akamrudishia, akamwambia akanunue kanzu ya Dubai, huko mifuko ni ya bure.

Kwa hiyo usimdharau. Alikuwa fundi kweli, na kwa miaka mingi alikuwa peke yake. Mtu akitaka kanzu ya mkono kutoka Pangani mpaka Horohoro, anaelekezwa kwa Rama. Upweke huo ndio uliomharibu. Alizoea kuwa wa kwanza kwa sababu hapakuwa na wa pili.

Wa pili akatokea miaka saba iliyopita. Sele alikuwa anashona sare za shule, kwa cherehani ya kukanyaga, watu hawamjui wala hawamuulizi. Mara kanzu zake zikaanza kuonekana kwenye maulidi. Zimekatwa sawasawa, hilo mtu angeweza kulisamehe. Lakini ile shingo! Darizi yake ilikuwa nyembamba, imejaa, imetulia kifuani pasipo kukunja kitambaa hata chembe. Wazee waliipitishia kidole wakanyamaza. Rama aliiona kwa mara ya kwanza kwenye swala ya Adhuhuri, kwa mtu aliyekuwa ubavuni pake, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba siku hiyo aliswali rakaa tano.

"Ni mashine ile, Bi Shenaz," alisema. "Nakwambia ni mashine. Sele hana mkono ule. Mimi namjua, hata lapa limkatikalo hulipeleka kwa fundi viatu."

Nikamwambia, "Huenda kajifunza."

"Kwa nani? Mwalimu ni mmoja Tanga hii, naye nimekaa hapa mbele yako."

Sasa nikueleze alichokuwa hakijui, maana mimi nilikijua tangu siku ya kwanza, na kwa miaka saba nilimtazama machoni nikimuuzia nta.

Rama ana mke, Mwatumu. Mwatumu hushona kofia za vito, zile za vitundu vya kudariziwa kwa mkono, na kofia zake ni nzuri, lakini kofia za vito nzuri hapa pwani ni nyingi. Mwatumu ana shoto. Anakula kwa mkono wa kuume kama alivyolelewa, lakini sindano hukaa mkono wa kushoto, haikubali kwingine. Walipooana, Rama alimfundisha jambo moja la kazi yake, kwa mapenzi tu ya siku zile: namna ya kumaliza uzi wa hariri bila kupiga fundo. Unaurudisha chini ya mishono mitatu, unaubana, unaukata, hata kucha haiupati. Hilo lilikuwa la baba yake Rama, na hakumwonyesha mwingine.

Mwatumu alilishika hilo na mengine aliyoyaiba kwa macho. Miaka kadhaa baadaye, Rama akiwa na homa, yeye alikaa mkekani dukani akaimalizia shingo ya kanzu ya mteja. Rama alipopata nafuu akaja, akaikuta, akaichukua mikononi mwake mbele ya watu watatu waliokuwa wakingoja. Akaifumua. Akasema kanzu ni nguo ya swala, haishonwi na mkono wa shoto, na mwanamke kazi yake ni kofia. Sheria hiyo aliitoa wapi, sijui. Nimeishi na Waislamu wa kila aina mji huu na sijaisikia kwa mwalimu yeyote. Nadhani aliitunga pale pale, baada ya kuiona ile shingo ilivyokuwa nzuri.

Mwatumu hakugombana. Alikuja kwangu kununua uzi wa kofia, macho mekundu, na Sele alikuwa amesimama kwenye kaunta akitafuta vifungo vya sare. Nilimwambia Mwatumu anishonee mshono mmoja nione, na kipande nilichompa kilikuwa kitambaa cha Sele. Sele aliuona mshono, akaomba shingo nzima. Ndivyo ilivyoanza. Sele hukata kanzu, huleta kipande cha shingo kwangu ndani ya bahasha. Mwatumu hukichukua pamoja na nyuzi zake, hukitia kwenye kikapu cha kofia, hushona asubuhi nyumbani Rama akiwa dukani, hukirudisha kwangu. Sele hukitia kwenye kanzu. Hawakuwahi kukaa pamoja, wala hawakuongea zaidi ya salamu. Sele hakuuliza mkono gani ulioshika sindano.

Je, nilifanya vibaya? Mume wangu alisema siku moja nitakuja kuvunjiwa kaunta. Mimi nilisema kaunta ni ya mninga.

Mwaka huu, miezi minne kabla ya mfungo, akaja Bi Hafsa kutoka Tongoni, mama mzito mwenye sauti, anaoza mwanawe wa kiume. Mkononi alikuwa na picha ya babu yake siku ya harusi: kanzu, kizibao, joho, kilemba, jambia kiunoni. Alitaka mwanawe avae vile vile, vyote kwa mkono, na kama babu hakuwa na zipu basi na mjukuu asiwe nayo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza fundi. Kabla sijafungua kinywa Rama alishavuka barabara kutoka duka lake la ng'ambo. Naamini aliinusa ile picha.

Walikaa dukani kwangu saa nzima. Rama aliisoma picha kwa kioo cha kukuzia, akamweleza joho lile ni la sufu, ukingo wake ni kasabu, uzi wa dhahabu, si uzi wa manjano wa siku hizi, na kizibao kimefunguliwa ili darizi ya kanzu ionekane. Bi Hafsa alifurahi mno.

"Basi joho na kizibao nakupa wewe," akasema. "Kanzu nshampa Fundi Sele. Nimeambiwa kwa shingo hana mpinzani."

Nilimtazama Rama. Uso wake ulibaki pale pale, ila ile picha aliilaza kifudifudi juu ya kaunta. Akasema, "Haya, Bi Hafsa." Akavuka barabara, akakaa mkekani kwake, akanyoosha miguu. Mpaka adhuhuri hakushika sindano.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Rama alishona joho lile kwa hasira, na lazima niseme kweli, hasira ilimshonea vizuri. Kasabu aliilaza kama maji. Lakini kila akipata mteja alimwuliza kama amesikia kanzu ya Tongoni imefikia wapi. Alipita mbele ya duka la Sele mara tatu kwa siku, yeye ambaye nyumba yake iko upande mwingine. Nyumbani, Mwatumu aliniambia, alikuwa anamzungumzia Sele wakati wa kula, wakati wa kulala, wakati wa kunawa. "Amemwoa huyo," Mwatumu alisema, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kikapuni mwake, chini ya kofia, shingo ya kanzu ya Tongoni ilikuwa imefika nusu. Alikuwa akiishona kwa saa moja moja za kuiba, mwezi wa pili sasa.

Wiki ya harusi, Jumanne, ilibidi nguo zijaribiwe pamoja, maana joho hukatwa bega lake la mwisho juu ya kanzu yenyewe. Sele aliileta kanzu dukani kwa Rama, imekunjwa kwenye karatasi, akamkabidhi kwa adabu na kuondoka. Ikabaki pale mchana kutwa.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe Rama. Aliifungua akijiapiza kwamba ataona mashine. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia: hakuna mashine. Akaigeuza ndani. Bitana ya shingo ikamzuia asione mgongo wa mishono, akachukua wembe akaifumua bitana kidogo, kidole kimoja, kisha viwili. Hapo akaona. Mishono yote ililalia upande usio wake, upande ambao mkono wa kuume hauwezi kuilazia. Akatafuta uzi umeishia wapi, afungue fundo. Hakukuwa na fundo. Aliupapasa kwa kucha mpaka akaupata, umerudi chini ya mishono mitatu, umebanwa, umekatwa.

Akaufuata kwa wembe. Hakumbuki vizuri, ndivyo anavyosema. Mimi naamini anakumbuka. Alifumua upande mzima wa kulia, kutoka begani mpaka kifuani, kazi ya mwezi.

Alinijia Jumatano asubuhi, bado nafungua makufuli. Ile kanzu alikuwa ameikumbatia.

"Wanakutana wapi?"

"Nani?"

"Bi Shenaz, usinifanye mtoto. Mke wangu na Sele. Wanakutana wapi?"

Nikamwambia hawakutani. Nikamweleza yote, bahasha, kikapu, miaka saba, nikiwa nimesimama upande wangu wa kaunta na mkasi mkubwa karibu, maana sikujua. Niliona ananisadiki, na nikaona kusadiki kunamuuma zaidi. Angenikuta namficha mzinzi angejua la kufanya. Angepiga kelele, angetoa talaka, mtaa mzima ungemwonea huruma. Lakini hapakuwa na mzinzi. Palikuwa na mkono aliouonea kijicho kila Ijumaa kwa miaka saba, na mkono ule ulikuwa ukimpakulia wali.

"Kwa nini hakunishonea mimi?" akauliza.

"Fundi Rama, alikushonea. Ukafumua mbele ya watu."

Hapo Mwatumu akaingia na kikapu chake.

Hakumtazama mumewe kwanza. Aliitazama kanzu. Aliichukua mikononi mwake, akaitandaza juu ya kaunta, akapitisha kidole pale palipokuwa na darizi, palipobaki vitundu vidogo tu.

"Umefumua kwa wembe?"

Rama akaitikia kwa kichwa.

"Ungetumia ncha ya sindano uzi ungesalimika. Sasa hariri yote imekufa." Akanigeukia. "Bi Shenaz, ile nyeupe ya maziwa ipo?"

Nikasema ipo, vibunda vitatu.

"Mwatumu," Rama akasema, "twende dukani kwangu. Kaa mkekani, mimi nitaukaza uzi, wewe ushone. Ijumaa si mbali."

"Kwako nshatolewa."

"Nani kakutoa? Mimi ni mumeo!"

"Mume wangu yuko nyumbani, na nyumbani nimempikia. Fundi Rama ndiye alonitoa, na huyo simwendei." Sauti yake haikupanda. "Nitakaa hapa kwa Bi Shenaz."

Akakaa, kweli. Nilimpa kigoda mlangoni penye mwanga, akatoa sindano akaishika kwa mkono wa kushoto, barabara ya tisa yote ikipita. Siku mbili, asubuhi mpaka usiku kwa taa. Wauza kahawa walisimama. Wanawake wa kofia walikuja kumwangalia mmoja mmoja. Wazee wa Ijumaa, wale waliopitisha vidole wakanyamaza, walipitisha tena vidole na safari hii hawakunyamaza. Sele naye alikuja. Wengine walitaka aone haya, lakini alisimama akasema mbele ya watu kwamba mkono haukuwa wake tangu mwanzo na kwamba hakuwahi kusema ni wake. Hilo la pili ni kweli. Wala hakuwahi kusema si wake, nami nilimkumbusha.

Na Rama? Alikaa mkekani kwake ng'ambo ya barabara na joho mapajani, hana cha kufanya mpaka kanzu iishe. Alikuwa akimtazama mkewe. Mwatumu akishona huimba kwa puani, nyimbo za utotoni kwao, za Kidigo, nami nimezisikia miaka saba akija kuchukua bahasha. Alasiri Rama alivuka akaja kusimama pembeni yangu, akajifanya anatafuta vifungo.

"Huwa aimba hivi?"

"Kila akishika darizi."

"Nyumbani haimbi," alisema. Akarudi kwake bila vifungo.

Harusi ilikuwa Ijumaa, na kanzu ilifika Tongoni ikiwa nzima. Bi Hafsa hakujua kitu mpaka alipoambiwa, na alipoambiwa alimfanya Mwatumu akae mbele pamoja na akina mama wa upande wa bwana harusi. Jua lilikuwa kali. Haikupita robo saa bwana harusi akalivua joho, sufu yote ile, akaliweka kwenye mgongo wa kiti, akabaki na kizibao wazi na shingo ya kanzu inaonekana na kila aliyekuja kumpa mkono. Rama alikuwa amekaa karibu na kile kiti. Nilimwona ananyoosha kasabu ya joho lake kwa vidole, polepole, hakuna aliyekuwa akiliangalia ila yeye.

Zimepita wiki tatu. Jana saa nne asubuhi Rama aliingia dukani akiwa amevaa vizuri, kofia kichwani, akaniamkia kama mgeni. Akaweka bahasha juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na kipande cha shingo, cha kitambaa safi cha melimeli, kimekatwa kwa wembe wake na kutiwa alama za chaki.

"Mpe Mwatumu," akasema. "Mwambie kimetoka kwa Fundi Rama. Akiwa na nafasi."

Hawa watu wanalala kitanda kimoja. Lakini mimi nimejifunza kutouliza, nikakipokea. Mwatumu alikuwa chumba cha nyuma, siku hizi hukaa huko kwangu mpaka adhuhuri. Nikampelekea. Alikikunjua, akakishika kwenye mwanga, akakagua ukataji wake kwa muda mrefu, na niliona kwamba ameupenda.

"Kizuri," akasema. "Mwambie nitashona. Ila nina viwili vya Sele vimetangulia, asubiri zamu."

Nilirudi mbele nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Rama alitazama mlango wa nyuma, ambako ile sauti ya puani ilikuwa imeanza tena, na ilikuwa kwa kazi ya Sele.

"Viwili tu?" akauliza.

"Viwili."

Akavuta kigoda, akakaa.